Büttner na Majina Ndugu: Asili na Mtawanyiko wa Jina la Ukoo la Mafundi Mapipa wa Ujerumani

IKISIRI

Makala hii inachunguza asili na mtawanyiko wa jina la ukoo la Kijerumani Büttner, ambalo maana yake ya awali ni fundi wa kutengeneza mapipa na vyombo vingine vya mbao. Jina hilo linachunguzwa pamoja na majina mengine yaliyotokana na kazi hiyo hiyo, kama vile Böttcher, Küfer, Küpper, Fassbinder, Schäffler na Binder. Hoja kuu ni kwamba wingi wa jina la ukoo la kikazi haupimi wingi wa waliofanya kazi hiyo. Hupima mambo mawili: kadiri kazi hiyo ilivyomtofautisha mtu na jirani zake, na ukubwa wa eneo lililotumia neno moja kuitaja. Kwa hiyo jina la kikazi ni ushahidi wa historia ya lugha kwanza, na wa historia ya kazi baadaye.

1.0 UTANGULIZI

Jina la Büttner si geni kwa msomaji wa taaluma za Kiswahili. Carl Gotthilf Büttner (1848–1893), mmisionari aliyefanya kazi Kusini Magharibi mwa Afrika kabla ya kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1887, ni miongoni mwa Wazungu wa kwanza kukusanya na kuchapisha maandishi ya Waswahili wenyewe. Mwaka 1892 ulichapishwa mkusanyo wake wa nyaraka za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na mwaka 1894 ukatolewa mkusanyo wake wa fasihi ya Kiswahili, ambamo imo habari ya maisha ya Amur bin Nasur, Mzanzibari aliyefundisha katika seminari hiyo hiyo. Jina la Büttner limetajwa mara nyingi katika marejeo ya wataalamu, bali ni nadra kuulizwa jina lenyewe lina maana gani, limetoka wapi, na linaweza kumwambia nini mtafiti.

Swali hilo si la udadisi mtupu. Majina ya watu hutumiwa na wanahistoria, wanaisimu na wanasosholojia kama data. Mtu akikuta kwamba Müller, yaani msagishaji, ndilo jina la ukoo lenye watu wengi zaidi nchini Ujerumani, ni rahisi kuhitimisha kwamba zamani nchi hiyo ilijaa wasagishaji. Akikuta kwamba hakuna jina la fundi mapipa katika majina kumi ya mwanzo, atahitimisha kwamba mafundi hao walikuwa wachache. Makala hii inaonyesha kwamba mahitimisho yote mawili yana kasoro, na kwamba kasoro hiyo inatokana na kulitazama jina kama hesabu ya watu badala ya kulitazama kama neno la lugha.

2.0 CHIMBUKO LA MAJINA YA UKOO YA KIJERUMANI

Hadi karne ya 11 Mjerumani wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Kuanzia karne ya 12, hasa katika miji ya kusini na ya magharibi, desturi ya kuongeza jina la pili ilianza kuota mizizi. Miji ilikuwa imekua, majina ya ubatizo yaliyopendwa yalikuwa machache, na waandishi wa mikataba, kodi na hukumu walihitaji njia ya kumtenga Johannes mmoja na Johannes wengine waliokaa mtaa ule ule. Desturi hiyo ilienea polepole kuelekea kaskazini na mashariki. Katika maeneo mengi ilikuwa imekwisha kukita kufikia karne ya 16, ingawa katika sehemu za Friesland watu waliendelea kutumia jina la baba hadi mwanzoni mwa karne ya 19.

Majina hayo ya pili huainishwa katika makundi matano: yanayotokana na jina la baba au mzazi mwingine, yanayotaja mahali mtu alikotoka, yanayotaja mahali alipokaa, yanayotaja sifa ya mwili au tabia, na yanayotaja kazi au cheo. Kundi la mwisho ndilo linaloipa Ujerumani sura yake mahususi. Katika orodha zilizotokana na madaftari ya simu, majina kumi yanayoongoza ni Müller, Schmidt, Schneider, Fischer, Weber, Meyer, Wagner, Becker, Schulz na Hoffmann. Yote kumi ni ya kazi, ya cheo au ya hadhi fulani ya umiliki wa shamba. Maana zake, kwa mfuatano huo, ni msagishaji, mhunzi, mshoni, mvuvi, mfumaji, msimamizi au mpangaji mkuu wa shamba la bwana, mtengeneza magari ya kukokotwa, mwokaji, mkuu wa kijiji, na mwenye au msimamizi wa shamba kubwa.

Ni muhimu kutofautisha hatua mbili katika historia hii. Katika hatua ya kwanza jina lilikuwa maelezo: Johannes der Büttner alikuwa Johannes afanyaye mapipa. Katika hatua ya pili maelezo yaliganda, mwana akarithi jina pasipo kurithi kazi. Kuganda huko hakukuja kwa siku moja. Tahajia iliendelea kuyumba kwa kufuata sikio la mwandishi wa parokia, na hadi karne ya 18 mke au binti aliweza kuandikwa kwa umbo la kike, Büttnerin. Tahajia ilipata uthabiti ilipoanzishwa ofisi ya serikali ya kusajili vizazi, ndoa na vifo, katika Prussia mwaka 1874 na katika dola nzima ya Ujerumani kuanzia tarehe 1 Januari 1876.

3.0 ASILI YA JINA BÜTTNER

3.1 Kazi Yenyewe

Kabla ya enzi ya makopo ya bati na vyombo vya plastiki, pipa la mbao lilikuwa chombo kikuu cha biashara katika Ulaya ya kaskazini na ya kati. Bia, mvinyo, chumvi, siagi, samaki wa kutiwa chumvi, hata baruti, vyote vilihifadhiwa na kusafirishwa ndani yake. Utajiri wa Lübeck na miji mingine ya muungano wa kibiashara wa Hansa ulitegemea kwa sehemu kubwa samaki waliohifadhiwa kwa chumvi ya Lüneburg na kufungwa katika mapipa. Fundi mapipa alichonga mbao nyembamba, akazipasha moto ili zipindike, akazisimamisha bega kwa bega, kisha akazibana kwa mikanda ya fito au ya chuma. Chombo kilitakiwa kisivuje wala kisipunguze kipimo, maana pipa lilikuwa pia kizio cha kupimia bidhaa. Kwa sababu hiyo mafundi hao walikuwa na vyama vyao katika miji mingi, na kazi yao ilikaguliwa.

3.2 Historia ya Neno

Jina Büttner limejengwa juu ya nomino Bütte, yaani chombo kipana cha mbao kilicho wazi juu. Katika Kijerumani cha Juu cha Kale umbo lake lilikuwa butina au butin, nalo lilikopwa kutoka Kilatini cha zama za kati butina, ambacho nacho kinahusishwa na neno la Kiyunani lililotaja chupa ya mvinyo iliyosukiwa ukili. Si ajabu kwamba neno hilo lilitoka kusini. Mwandishi wa Kirumi Plinius, katika karne ya kwanza, alieleza kwamba watu wa maeneo ya milima ya Alps walihifadhi mvinyo katika vyombo vya mbao vilivyofungwa kwa mikanda. Ufundi wenyewe ulikuwa wa watu wa kaskazini, lakini biashara ya mvinyo na msamiati wake vilipitia mikononi mwa Warumi.

Hali kama hii inafahamika katika Kiswahili. Neno pipa lenyewe limetokana na Kireno, na linakumbusha kipindi ambacho chombo na jina lake vilishuka pwani kutoka merikebu moja. Tofauti ni kwamba katika Kijerumani mkopo huo uliendelea kunyambuliwa hadi ukazaa jina la fundi, na jina la fundi likazaa jina la ukoo.

3.3 Mofolojia

Kiambishi tamati -er, ambacho katika Kijerumani huunda nomino za mtenda, ni mkopo wa kale kutoka Kilatini -arius. Katika jina Büttner kiambishi hicho kiliongezwa kwenye shina lililoishia kwa n, yaani butin. Baada ya irabu dhaifu za katikati kudondoka na nomino yenyewe kupoteza n yake ya mwisho na kuwa Bütte, wasemaji walianza kukata neno mahali pasipo pake: badala ya Büttn-er wakasikia Bütt-ner. Mambo yayo hayo yaliyapata majina kama Wagner (wagan na -er) na Hafner, yaani mfinyanzi (havan na -er). Kwa njia hiyo -ner ikapata hadhi ya kiambishi kinachojitegemea na kutumika hata kwenye mashina ambayo hayakuwahi kuwa na n. Vivyo hivyo -ler ilizaliwa kutokana na mashina yaliyoishia kwa l, kama katika jina Schäffler.

Irabu ü nayo ina maelezo ya kifonolojia. Irabu i iliyokuwamo katika shina la kale iliivuta u iliyoitangulia mbele ya kinywa, hata ikawa ü. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka jinsi kiambishi tamati -i cha mtenda kinavyobadili konsonanti iliyotangulia: -aka huzaa mwashi, na -finyanga huzaa mfinyanzi. Katika lugha zote mbili sauti i imeacha alama juu ya jirani yake, ingawa Kijerumani kimegeuza irabu na Kiswahili konsonanti. Zaidi ya hayo, Kiswahili huunda jina la mtenda hasa kutokana na kitenzi, ilhali Büttner limeundwa kutokana na nomino ya kitu kinachotengenezwa. Tofauti hii itaonekana kuwa na uzito katika sehemu ya 5.0.

Katika lahaja nyingi za mashariki ya kati, hasa Silesia na Bohemia, ü ilipoteza mviringo wa midomo ikawa i, na jina likaandikwa Bittner. Katika maandishi yasiyotumia nukta mbili juu ya herufi, Büttner huandikwa Buettner au Buttner. Mtafiti anayetafuta kazi za mwanazuoni aliyetajwa katika utangulizi hana budi kuyajua maumbo hayo yote, kwa kuwa orodha za maktaba hazikufuata kanuni moja.

4.0 MAJINA NDUGU NA MAENEO YAKE

Büttner ni jina moja tu kati ya mengi yaliyotokana na kazi ya fundi mapipa. Majina makuu, yakipangwa kwa takriban kutoka kaskazini kwenda kusini, ni haya yafuatayo.

(a) Bödeker, pamoja na Bödecker na Böddeker. Haya ni maumbo ya Kijerumani cha Chini, na makazi yake ya asili ni Niedersachsen na Westfalen.

(b) Böttcher, Bötticher na Böttger. Ni ya kaskazini-mashariki na mashariki ya kati. Yanahusiana na nomino Bottich, pipa kubwa lisilo na kifuniko, ambayo inaelekea kuwa ilitokana na Kilatini cha zama za kati kwa maana ya ghala, na baadaye ikaathiriwa na Bütte. Kati ya Bödeker na Böttcher mtu huona tofauti maarufu ya k ya kaskazini na ch ya kusini.

(c) Küper, Küpper na Küppers. Ni ya eneo la chini la mto Rhine na jirani zake, na ni ndugu wa Kuiper na Kuyper ya Uholanzi na Cooper ya Uingereza.

(d) Fassbinder na Fassbender. Ni ya Rheinland, hasa pande za Köln. Maana yake ni mfunga pipa, kutokana na Fass, pipa, na binden, kufunga.

(e) Büttner na Bittner. Ni ya Franken, Thüringen, Sachsen, Silesia na Bohemia.

(f) Küfer na Kiefer. Ni ya kusini-magharibi. Kiefer ni umbo la Küfer lililopoteza mviringo wa midomo.

(g) Schäffler, na kwa baadhi ya familia Scheffler, kutokana na Schaff, chombo cha mbao. Schäffler ni la Bavaria na Schwaben. Mjini München ngoma ya mafundi hao bado huchezwa kila baada ya miaka 7.

(h) Binder, mfungaji. Ni la kusini, na limeenea pia Austria.

Jozi ya Küper na Küfer inastahili kuangaliwa kwa makini. Yote mawili yanatokana na Kilatini cupa, pipa. Kaskazini p imehifadhiwa. Kusini imegeuka f. Badiliko hilo la konsonanti, lililotenganisha Kijerumani cha Juu na lugha nyingine za Kijerumaniki, lilitokea takriban kati ya karne ya 6 na ya 8. Kwa kuwa neno hilo limepitia badiliko, halina budi kuwa lilikopwa kabla yake. Kwa hiyo majina mawili ya ukoo yanayoonekana leo kwenye vibao vya milango yanabeba ndani yake ushahidi wa mkopo uliotangulia majina ya ukoo kwa mamia ya miaka.

Neno butin halikuishia mpakani. Lugha za Kislavi zililikopa kutoka Kijerumaniki na kujiundia jina la fundi, ambalo limezaa majina ya ukoo Bednarz huko Poland na Bednář katika Kicheki. Kutoka Kislavi neno lilivuka likaingia Kihungaria, ambako Bodnár ni jina la ukoo linalofahamika sana. Büttner, Bednář na Bodnár ni majina ya watu wa lugha tatu tofauti, lakini shina lake ni moja.

5.0 WINGI WA JINA NA WINGI WA KAZI

Sasa yaweza kuulizwa: ikiwa pipa lilihitajika kila mahali, kwa nini hakuna jina la fundi mapipa katika majina kumi ya mwanzo? Jibu limo katika orodha ya sehemu iliyotangulia. Mafundi walikuwapo kila mahali, lakini hawakuitwa kwa neno moja. Majina yalipoanza kuganda, kila eneo liligandisha neno lake. Kundi moja la kazi liligawanyika katika majina manane au zaidi, na kila jina likabaki na sehemu tu ya hesabu.

Msagishaji hakupatwa na mgawanyiko huo. Kutoka kaskazini hadi kusini aliitwa kwa neno moja lililotokana na Kilatini molinarius, na tofauti zilizopo, kama Möller na Miller, ni za matamshi tu. Fischer na Weber nayo ni maneno yaliyoenea karibu nchi nzima. Kwa upande mwingine, mchinja nyama aliitwa Metzger, Fleischer, Fleischhauer, Knochenhauer au Schlachter kufuatana na eneo, na mfinyanzi aliitwa Töpfer, Hafner, Pötter au Euler. Hakuna hata moja kati ya majina hayo linaloingia katika kumi ya mwanzo, ingawa hakuna mji uliokula bila nyama wala kupika bila chungu.

Yaweza kudaiwa kwamba Wagner ni pingamizi. Mtengeneza magari ya kukokotwa aliitwa pia Rademacher na Stellmacher, na bado Wagner limo katika kumi ya mwanzo. Pingamizi hili, likichunguzwa, linaithibitisha hoja. Neno Wagner lilitawala eneo kubwa la kusini na la kati, ilhali maneno shindani yalibaki zaidi kaskazini na mashariki. Kinachoamua, basi, ni ukubwa wa eneo la neno pamoja na idadi ya watu waliokaa humo.

Sharti la pili ni uwezo wa jina kutofautisha. Katika zama za kati watu wengi mno wa vijijini walikuwa wakulima. Hata hivyo Bauer, mkulima, halimo katika kumi ya mwanzo, ingawa ni jina la kawaida. Katika kijiji cha wakulima, kumwita mtu mkulima ni kutomwita kitu. Msagishaji na mhunzi, kwa kawaida, walikuwa mmoja mmoja katika kijiji, na kila mtu aliwahitaji. Kwa hiyo wingi wa Müller na Schmidt unakaribia zaidi kuwa hesabu ya vijiji kuliko kuwa hesabu ya mafundi. Hata Meyer na Hoffmann, yanayohusu kilimo, hayakumtaja mkulima wa kawaida bali yule aliyekuwa na nafasi ya pekee.

Hapa ndipo mofolojia iliyoelezwa katika sehemu ya 3.3 inapopata uzito wake. Jina la mtenda linalotokana na kitenzi kinachofahamika na wote, kama fischen, kuvua samaki, lina nafasi kubwa ya kufanana kila mahali. Jina linalotokana na nomino ya chombo hufuata hatima ya chombo hicho. Vyombo vya mbao vilikuwa na majina mengi ya kilahaja, kila kimoja na umbo na matumizi yake, na kwa hiyo mafundi wake nao wakawa na majina mengi.

6.0 MABADILIKO YA RAMANI

Atlasi ya majina ya ukoo ya Ujerumani iliyohaririwa na Konrad Kunze na Damaris Nübling, iliyochapishwa kuanzia mwaka 2009, imechora mitawanyiko ya majina kwa kutumia data ya simu za mezani ya mwaka 2005. Juzuu yake ya 5, ya mwaka 2016, inahusu majina ya kazi na ya sifa za mtu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba, baada ya karne nyingi, mipaka ya majina ya kikazi bado inaonekana. Aghalabu ramani ya majina huhifadhi mipaka ya lahaja za zama za kati vizuri kuliko usemi wa leo, kwa kuwa Kijerumani sanifu kimeyasukuma pembeni maneno ya kilahaja lakini hakikuweza kuyafuta majina yaliyokwisha kusajiliwa.

Hata hivyo ramani hiyo imetikiswa mara kadhaa. Kwanza, Kijerumani cha Juu kilipochukua nafasi ya Kijerumani cha Chini katika maandishi rasmi ya kaskazini, hasa katika karne ya 16 na ya 17, baadhi ya akina Bödeker waliandikwa Böttcher. Pili, viwanda na machimbo ya eneo la Ruhr viliwavuta wafanyakazi kutoka mashariki katika karne ya 19. Tatu, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajerumani wapatao milioni 12 walikimbia au kufukuzwa kutoka Silesia, Prussia Mashariki, Bohemia na maeneo mengine. Silesia na Bohemia zilikuwa nchi za akina Büttner na Bittner, na wazao wao sasa wametapakaa kote Ujerumani. Nne, wahamiaji waliokwenda Marekani waliligeuza jina kuwa Buettner au Bittner. Mtafiti anayechora ramani kwa data ya leo hana budi kuyaondoa matabaka hayo moja baada ya jingine.

7.0 TAHADHARI KATIKA KUFASIRI

Mambo matatu yanahitaji tahadhari. La kwanza ni kwamba maumbo mawili yaweza kufanana pasipo kuwa na asili moja. Kiefer la leo linaandikwa sawa na neno la msonobari na neno la taya, lakini jina la ukoo kwa kawaida ni la fundi mapipa. Binder aweza kuwa alifunga kitu kingine kisichokuwa pipa. Kwa ukoo mmoja mahususi, etimolojia haithibitishwi na kamusi bali na hati za kale za mahali familia ilipotoka.

La pili ni kwamba hata jina la kazi halikumtaja mwenye kazi sikuzote. Ujerumani kuna watu wengi waitwao Kaiser, König, Bischof na Papst, yaani mfalme mkuu, mfalme, askofu na baba mtakatifu. Hakuna anayedhani kuwa wote ni uzao wa wafalme na mapapa. Majina hayo yalitokana na utani, na nafasi katika michezo ya kuigiza, na alama za nyumba, au na utumishi katika makao ya wakubwa. Haki hiyo ya kushukiwa haina budi kutolewa pia kwa majina yasiyo na fahari.

La tatu ni kwamba jina husema juu ya kizazi kilichogandisha jina, si juu ya wazao. Johann Friedrich Böttger (1682–1719) anakumbukwa kwa kaure ya Meissen. Johannes Scheffler (1624–1677) alikuwa tabibu na mshairi. Abraham Kuyper alikuwa waziri mkuu wa Uholanzi kuanzia mwaka 1901 hadi 1905. Rainer Werner Fassbinder (1945–1982) alikuwa mwongozaji wa filamu. Wote wanne walibeba majina yanayohusishwa na fundi mapipa kwa lahaja nne tofauti, na hakuna hata mmoja anayejulikana kwa kutengeneza pipa.

8.0 MAFUNZO KWA WATAFITI WA KISWAHILI

Mfumo wa majina uliozoeleka pwani ya Afrika Mashariki haukupitia mkondo huo. Amur bin Nasur alitambulishwa kwa baba yake, na nisba yake, el-Omeri, ilitaja ukoo, si kazi. Jina la kazi katika Kiswahili, kama vile fundi au mwalimu, limebaki zaidi kuwa la heshima na la maelezo: humfuata mwenye kazi, na kwa kawaida mwanawe haliingii mpaka naye aifanye kazi hiyo. Katika seminari moja mjini Berlin walikutana, basi, watu wa mifumo miwili: mmoja jina lake lilieleza nasaba pasipo kazi, mwingine jina lake lilieleza kazi ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Hata hivyo kanuni iliyopatikana inaweza kujaribiwa kwa Kiswahili. Lau majina ya kazi yangeganda, mvuvi angepata hesabu kubwa kwa kuwa neno lake ni moja na limeenea mbali. Mfua vyuma angegawanyika kati ya mhunzi na mfua chuma; mshona nguo kati ya mshoni, fundi nguo na fundi cherehani. Mtafiti wa baadaye akiyahesabu majina hayo bila kujua visawe vyake angesema kwamba Waswahili walivua sana na kushona kidogo. Kosa hilo ndilo analolifanya yule anayeyahesabu majina ya Kijerumani bila kuijua ramani ya lahaja.

Kuna pia manufaa ya moja kwa moja. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizohifadhiwa Tanzania zimejaa majina ya watu wa aina hii. Mwanafunzi anayezisoma anaweza kukisia kwa tahadhari eneo la asili ya ukoo fulani kutokana na umbo la jina; hawezi kukisia kazi ya mtu wala hadhi ya familia yake.

9.0 HITIMISHO

Makala imeonyesha kwamba jina Büttner limejengwa kwa shina lenye asili ya Kiyunani na Kilatini na kiambishi chenye asili ya Kilatini, na kwamba liliganda kama jina la ukoo katika ukanda wa kati na wa mashariki ya kati wa nchi za Kijerumani, huku maeneo mengine yakigandisha maneno yao kwa kazi ile ile. Uchache wake ukilinganishwa na Müller hauonyeshi uchache wa mafundi mapipa. Unaonyesha kwamba kazi hiyo iliitwa kwa maneno mengi. Kabla ya kuuliza ni watu wangapi wanaobeba jina fulani, mtafiti anapaswa kuuliza ni maneno mangapi yalishindana kuitaja kazi hiyo wakati majina yalipokuwa yakiganda, na neno lipi lilishinda wapi. Hesabu isiyotanguliwa na maswali hayo, hata ikiwa sahihi kwa tarakimu, haitakuwa imehesabu kile inachodai kuhesabu.